Makopo ya vitamini na joto la kukoma hedhi

Dar es Salaam ikifika Januari kila mtu anatoka jasho. Abiria wa daladala za Mbagala wanajipepea kwa chochote walichoshika, wauza maji ya baridi wanakimbizana na magari kwenye foleni, na ofisini kwetu feni zinawaka tangu asubuhi hadi tunapofunga. Katika jiji la namna hii mwanamke anaweza kuishi na joto la kukoma hedhi kwa muda mrefu akidhani ni joto la mji. Mimi nililibaini Julai, msimu wa kusi, wakati wenzangu nyumbani wanalala wamejikunyata ndani ya mashuka. Lilikuwa linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, moyo unaenda mbio, gauni la kulalia linalowa chapachapa. Baada ya dakika chache linaondoka lenyewe, jasho likikauka natetemeka kwa baridi. Joto la Januari halina tabia hiyo. Lenyewe likija linashinda nawe mchana kutwa.

Nilikuwa na miaka 48. Siku zangu zilikuwa zimeshavurugika: mwezi huu mara mbili, kisha zinapotea, zikirudi zinarudi kwa wingi wa kutisha. Nayasema haya waziwazi kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Nimezaliwa Kisarawe, nimechezwa kama mabinti wengine wa Kizaramo, na nilikuwa na somo aliyenifunda kila kitu kuhusu kuvunja ungo: namna ya kujistiri, namna ya kufua na kuanika, nani wa kuambiwa na nani wa kufichwa. Kabla ya ndoa nikafundwa tena. Kuhusu siku damu itakapokoma sikufundwa neno. Mama yangu aliipita hali hiyo ndani ya nyumba tuliyolala sote, na sisi watoto tuliona tu kwamba mama siku hizi ana hasira za haraka na usiku wa manane anakaa barazani akijipepea na ukingo wa kanga. Hata leo kwenye kicheni pati tunachangishana, tunavaa sare, tunamfunda bibi harusi mpaka ukumbi unafungwa, na wanawake wa miaka 50 waliojaa humo hakuna anayewafunda wao.

Vitamini zilipata nafasi yao ndani ya ukimya huo. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuniuliza, "Dada, mbona macho yako hayana usingizi?" Mume wangu alikuwa hajauliza. Kwenye zahanati moja nilikokwenda kuulizia hizo damu nyingi nilijibiwa kwamba ni umri, nivumilie, nikapewa paracetamol. Yule mwenzangu alinisikiliza saa nzima ya chakula cha mchana, kila nilichosema yeye alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na kopo. Ndiyo maana siwezi kuwasema vibaya wanawake wanaouza virutubisho mtaani. Wanafanya kazi ya kuuliza ambayo wengi wetu hatukufanyiwa na mtu mwingine.

Alinipeleka kwenye ukumbi wa mikutano ambako kulikuwa na kipimo cha mwili mzima. Wengi Dar wanakijua: unashika fimbo ya chuma iliyounganishwa kwa waya na kompyuta, unakaa kimya dakika moja, mashine inatoa kurasa za majibu kuanzia ubongo hadi nyayo. Damu haitoki, mkojo hauchukuliwi. Niliambiwa kalsiamu yangu iko chini, vitamini D iko chini, vitamini E iko chini, homoni hazijalingana, na ini lina sumu. Msichana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, wa umri wa binti yangu wa kwanza, alipewa karatasi iliyofanana sana na yangu. Kifaa kile hakina uwezo wa kupima vitamini iliyomo ndani ya mwili. Vitamini hupimwa kwa damu, maabara. Nilitoka na kopo la kalsiamu, kopo la multivitamini, vidonge vya vitamini E na unga wa soya wa kukoroga. Jumla ilizidi laki mbili, nayo ilikuwa dozi ya mwezi mmoja.

Wiki za mwanzo nilipata nafuu, na nafuu ile ilikuwa ya kweli. Nililala. Niliamka sina uzito kichwani. Nikamsifia mwenzangu, nikawaambia na wengine. Lakini kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu katika kampuni ya uwakala wa forodha kule Kurasini, na mtu wa hesabu ana mazoea ya kuandika kinachoingia na kinachotoka. Nikaanza kuweka alama kwenye daftari kila joto linaponipanda, mchana kwa wino wa bluu, usiku kwa mwekundu. Miezi ilivyokwenda kurasa zikarudi kuwa nyekundu, na makopo yalikuwa yanamezwa vilevile, kwa saa zilezile.

Binti wa dada yangu ni mfamasia. Alikuja kunisalimia Jumapili moja, akakuta makopo yamepangwa juu ya friji, akayashusha moja moja akasoma maandishi ya nyuma. Hakunicheka. Akaniuliza, "Mama mdogo, unayameza haya ili kuziba pengo gani?" Nikamwambia joto. Akasema, "Joto halikuja kwa sababu vitamini zimepungua. Tuanzie hapo."

Akanieleza jambo ambalo ningetamani somo wangu angenieleza. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na mtu huhesabiwa amekoma akikamilisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kabla ya hapo kuna miaka ya mpito, na dalili nyingi huanzia huko. Ovari zinapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili, na estrojeni ikiyumba sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka: mwili ukipata moto kidogo tu, kwa chai au kwa kupanda ngazi, inatoa amri ya kupoza kama vile unaungua. Mishipa ya ngozini inafunguka, damu inakimbilia juu, jasho linatoka. Katika mlolongo wote huo hakuna mahali ambapo vitamini ndiyo iliyokosekana. Mtu anaweza kuwa na vitamini zote mwilini kwa kiwango kizuri na bado akaamka amelowa.

Na ile nafuu ya wiki za mwanzo? Hilo nalo alinifafanulia kwa upole. Watafiti waliojumlisha majaribio ya tiba ya homoni waliona kwamba hata wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake, vipindi vyao vya joto vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa wastani. Dalili hizi zina kupanda na kushuka kwake, na mtu akisikilizwa, akaamini yuko kwenye mikono salama, mwili wake unaitikia. Kwa hiyo mwanamke anaposema "mimi zilinisaidia" hasemi uongo. Tatizo ni kwamba ushuhuda wake hauwezi kutuambia kama kilichomsaidia ni kile kilichomo ndani ya kopo. Ili ujue hilo unahitaji makundi mawili, moja linameza kitu chenyewe, lingine linameza kinachofanana nacho, na hakuna anayejua yuko kundi gani.

Vitamini kadhaa zimepimwa namna hiyo. Mwaka 1998 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la vitamini E, uniti 800 kwa siku, kwa wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti na ambao wasingeweza kutumia homoni. Ukilinganisha na kidonge kitupu, vitamini E ilipunguza kipindi kimoja cha joto kwa siku. Kimoja. Kwa mwanamke anayewaka mara mbili kwa siku hilo ni jambo. Kwangu mimi lisingeonekana hata kwenye daftari. Kalsiamu na vitamini D zilipimwa katika utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative, kwa wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi: nusu walipewa miligramu 1,000 za kalsiamu na uniti 400 za vitamini D kila siku, nusu vidonge vitupu, kwa takriban miaka saba. Mifupa ya nyonga iliongezeka uzito kidogo, mawe kwenye figo yaliongezeka kwa asilimia 17, na dalili za kukoma hedhi hazikutofautiana kati ya makundi mawili. Mafuta ya samaki ya omega-3 nayo yalipimwa, hayakuzidi kidonge kitupu. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa Marekani kiitwacho The Menopause Society kilipopitia upya tiba zisizo na homoni, hakikupendekeza virutubisho kwa ajili ya joto hili, iwe soya, vitamini E au mzizi wa black cohosh ambao siku hizi unauzwa hata Kariakoo.

Niliposikia yote hayo nilitaka kuyatupa makopo siku ileile. Mpwa wangu akanizuia, akaniambia tukapime damu kwanza, kwa sababu kulikuwa na jambo lililomsumbua zaidi ya joto: nilikuwa nahema nikipanda ngazi za ofisini, moyo unadunda nikiwa nimekaa, na nilikuwa nimeanza kutafuna barafu kila mara.

Daktari tuliyempata, mama wa makamo kwenye hospitali ya rufaa, aliuliza maswali mengi kuliko niliyozoea. Alitaka kujua damu inatoka siku ngapi, nabadilisha taulo mara ngapi, kama inatoka na mabonge. Alitaka kujua kama jasho la usiku linaambatana na kikohozi, homa au kukonda, kwa maana kifua kikuu nacho kinatoa jasho la usiku, na hapa kwetu ugonjwa huo tunaishi nao. Akataka kipimo cha tezi ya shingo, sukari na presha, akanituma nikapige ultrasaundi ya kizazi. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta joto, jasho, mapigo ya moyo ya haraka na hedhi kuvurugika, na mtu wa umri wangu huambiwa kwa urahisi kwamba ni ukomo tu wa hedhi.

Tezi ilikuwa nzima. Damu ndiyo ilikuwa imeshuka: hemoglobini gramu 9, na kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 tayari ni upungufu. Zile hedhi nzito za miaka ya mpito zilikuwa zimenimaliza madini ya chuma. Kuna kitu kilinichoma hapo. Makopo yote manne yalikuwa na vitamini nyingi ajabu, yameahidi nguvu, ngozi na mifupa, na kile kimoja ambacho mwili wangu ulikuwa unakililia kilikuwamo kwa kiasi kidogo mno. Kipimo cha damu kilichokigundua kiligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kopo moja.

Nilipewa vidonge vya kawaida vya kuongeza damu, vya bei ndogo, vinavyopatikana karibu kila duka la dawa. Daktari alinielekeza nisivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini, na kwamba choo kitakuwa cheusi nisiogope. Nikawa navimeza na chungwa, chai nakunywa baadaye. Mashoga zangu waliniletea rozela na unga wa mlonge. Rozela niliinywa kwa sababu ninaipenda, ila tiba yangu ilikuwa vidonge. Polepole ngazi zikapandika. Moyo ukaacha kudunda ovyo. Hamu ya barafu ikaisha. Joto lilibaki palepale, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu mwenyewe kwamba kirutubisho kinatibu upungufu wake tu, hakivuki kwenda kutibu kingine. Damu ya hedhi ikishakoma kabisa hata hivyo vidonge vya chuma mtu hapaswi kuendelea navyo kwa mazoea, kwa sababu mahitaji yanashuka na chuma kikizidi hulundikana.

Tangu hapo kila mwanamke akiniuliza kuhusu vitamini ninamrudishia swali la mpwa wangu: unaziba pengo gani? Wifi yangu ana kisukari na anatumia metformin miaka mingi. Miguu ilikuwa inakufa ganzi, naye anasema ni ukomo wa hedhi, naomba unipe jina la ile kalsiamu yako. Metformin ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na B12 ikipungua mishipa ya fahamu inaumia. Alipimwa, ikakutwa chini, akaanzishiwa sindano. Kisukari chenyewe kinaleta ganzi, kwa hiyo haikuondoka yote, lakini anatembea vizuri zaidi. Jirani yetu mwingine anavaa buibui na nikabu, anashinda dukani ndani kutwa nzima. Watu hushangaa mtu wa Dar, jua lote hili, kukosa vitamini D, wakati ngozi inaitengeneza pale tu inapopigwa na jua lenyewe. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi, na ngozi iliyofunikwa haipati kitu. Kwa mtu kama huyo uniti 600 au 800 kwa siku ni jambo la maana kwa mifupa yake. Mifupa inastahili kuangaliwa, maana estrojeni ikishuka hupungua kwa kasi miaka ile ya mwanzo. Ila nilimweleza bayana kwamba analinda nyonga yake, asitegemee kupoa.

Na kuna jambo moja ambalo naliona ni la hatari kuliko yote, na sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Rafiki yangu aliyenipa ruhusa nilieleze anaishi na virusi vya UKIMWI, na kama watu wengi nchini sasa anatumia dawa zenye dolutegravir. Aliuziwa kalsiamu na vidonge vya chuma, akavimeza asubuhi pamoja na dawa zake, tumbo tupu. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki hushikana na dawa hiyo tumboni, dawa ikaingia pungufu kwenye damu. Inatakiwa dawa imezwe saa mbili kabla au saa sita baada ya virutubisho hivyo. Kalsiamu au chuma vikimezwa pamoja nayo, basi iwe na chakula. Mwanamke amepambana miaka kushusha virusi mpaka havionekani, halafu kopo la "lishe tu, haina madhara" linakuja kumvurugia kimyakimya. Akiona aibu kumwambia muuzaji hali yake, na muuzaji hajui la kuuliza, nani atamlinda? Ndiyo sababu nasema mwanamke akapeleke makopo yake kliniki, ayaweke mezani yote, hata yale ya kienyeji. Wanaotumia levothyroxine, dawa ya tezi iliyolegea, wana tatizo hilohilo na kalsiamu: inabidi zitenganishwe kwa saa nne.

Lile neno "haina madhara" linahitaji kuangaliwa. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mtu akaanza kuhisi moto na ganzi vidoleni, naye akafikiri ni dalili mpya ya ukomo akaongeza kidonge kingine. Marekani kikomo cha mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku. Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi 12. Makopo yangu mawili yote yalikuwa na B6, kila moja kwa hesabu yake, na hakuna aliyejumlisha. Vitamini A nayo haitoki mwilini kwa urahisi. Mwanamke anayekula maini mara kwa mara na kumeza multivitamini yenye A nyingi anaweza kuliumiza ini na kuidhoofisha ileile mifupa anayoilinda.

Kalsiamu sasa naitafuta jikoni. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku, na glasi ya maziwa au mtindi inatoa karibu 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, wale wakavu wa soko lolote la Dar, ni hazina tunayoidharau kwa sababu ni chakula cha kawaida. Ninawaosha, nawakaanga na kitunguu na nyanya, na ukwaju kidogo. Mchicha ninaupenda na ninaendelea kuula, ingawa kalsiamu yake haitoki vizuri, imeshikwa na asidi iliyomo kwenye majani. Sukuma wiki inaachia kwa wepesi zaidi. Ufuta nanyunyizia kwenye uji. Fedha iliyokuwa inakwenda kwenye makopo sasa inanunua maziwa ya nyumba nzima, na inabaki.

Kuhusu joto lenyewe, nilipomwambia daktari kwamba linaniamsha kila usiku alisema maneno ambayo sikuyategemea: kwamba lina tiba, na nina haki ya kuiomba. Tiba yenye nguvu kuliko zote ni homoni. Watu waliiogopa sana baada ya mwaka 2002, sehemu moja ya utafiti uleule wa Women's Health Initiative iliposimamishwa mapema kwa sababu ya hatari zilizoonekana, zikiwamo saratani ya matiti na kiharusi. Uchambuzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba kwa walio wengi wenye chini ya miaka 60, au ambao hawajapita miaka kumi tangu wakome, wasio na kizuizi, faida huzidi hatari. Mwenye kizazi bado lazima apewe na projestojeni ya kulinda ukuta wa mji wa mimba, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda anahitaji njia nyingine. Mimi niliwahi kupata bonge la damu mguuni baada ya uzazi wa mwisho, kwa hiyo mlango huo ulifungwa. Kulikuwa na milango mingine: dozi ndogo za baadhi ya dawa za sonona, au dawa ya kifafa iitwayo gabapentin wakati wa kulala. Nikaanza gabapentin. Siku za mwanzo iliniacha na kizunguzungu asubuhi, daktari akarekebisha dozi, na kurasa za daftari zikaanza kuwa na nafasi nyeupe upande wa usiku.

Mume wangu nilimweleza mwenyewe, tumekaa wawili tu. Alikuwa anafikiri hasira zangu ni juu yake. "Sasa kwa nini hukuniambia, mama watoto?" aliniuliza, nami nikamwambia sikuwa na maneno. Siku hizi yeye ndiye anayejaza chupa ya maji baridi pembeni ya kitanda. Mashuka ya tetroni tumeyaondoa, tunalalia ya pamba. Ni vitu vidogo na havitibu, lakini kuwaka huku mtu aliye kando yako anajua kinachoendelea ni tofauti kabisa na kuwaka peke yako. Na ni safari ndefu: utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta joto hudumu kwa kawaida zaidi ya miaka saba, na kwa wanawake weusi zaidi ya kumi. Anayemwambia mtu avumilie, amwambie na anavumilia hadi lini.

Mwaka huu shoga yangu wa vikoba alinivuta pembeni baada ya kikao. Alikuwa amekoma hedhi zaidi ya miaka miwili, na damu imerudi. Alikuwa ameshauliza alikonunua makopo yake, akajibiwa kwamba afurahi, kizazi kinajisafisha sumu, aongeze kopo. Nilimshika mkono nikamwambia kesho tunaongozana. Damu yoyote inayotoka baada ya mwaka mzima wa kukoma, hata tone kwenye chupi, inapelekwa hospitali. Wengi hukutwa hawana saratani, lakini saratani ya ukuta wa mji wa mimba mara nyingi hujitangaza kwa damu hiyo hiyo, na ikiwahiwa inatibika. Walimpiga ultrasaundi, wakachukua kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Kusubiri majibu kulimtesa kuliko kipimo chenyewe, na jioni nilikuwa nampitia tunatembea hadi barabarani tukizungumza mengine. Majibu yalisema ni uvimbe mdogo usio wa saratani, wakautoa. Kalsiamu anaendelea nayo, kwa sababu maziwa hayampendi na daktari ameikubali. Lile kopo la kusafisha kizazi alilirudisha alikolinunua, akadai pesa yake.